Baba Amelala

Mimi nina sauti kubwa. Sijisifu wala silalamiki, nasema tu jinsi mambo yalivyo. Nililelewa Kayole, kwenye nyumba za kupanga, mahali ambapo mama anakuita kula akiwa orofa ya nne nawe uko chini unacheza, na usipoitika mtaa mzima unajua kwamba chakula chako kimepoa. Mama alikuja na sauti hiyo kutoka Ukambani akanirithisha mimi. Nilipoanza kufundisha watoto wadogo, wale wa PP1, au pipiwani kama wanavyotamka wenyewe, niliihesabu sauti yangu kuwa ndiyo mtaji. Mtoto asiyepiga kelele ni mgonjwa, ndivyo nilivyoamini. Direkta wetu, mwenye shule, alikuwa akipita mlangoni pangu akisema debe tupu haliachi kuvuma, nami nikimjibu kwamba hata kengele ni tupu ndani na bado hawezi kufungua shule bila hiyo.

Shule yenyewe iko Kware, kwenye vyumba vya chini vya ghorofa moja ndefu. Ghorofa ya jirani imesimama karibu hivi kwamba jirani akinyoosha mkono dirishani anaweza kuazima chumvi ng'ambo. Jua halituingilii. Taa huwaka mchana kutwa, na stima ikipotea tunasogea mlangoni. Ukutani nimetundika magunia meupe ya nailoni niliyoyachora mwenyewe kwa rangi: herufi, matunda, sehemu za mwili. Yule mwanamume wa sehemu za mwili ana kichwa kikubwa na miguu ya kuku, kwa sababu gunia liliniishia. Tuna kona ya vitabu, kona ya duka yenye pakiti tupu za unga na sabuni, na kona ya nyumbani yenye sufuria kuukuu, mwiko, jiko la kopo na leso moja ya kujifunga. Uwanja hatuna. Uwanja wetu ni paa, kati ya matangi ya maji na kamba za nguo, na tunapanda huko siku ambazo keateka, mtunzaji wa jengo, ameamka vizuri.

Wiki za kwanza za Januari katika darasa kama hilo ni matanga. Mwaka huo mmoja alijilaza mlangoni akashika mguu wa baba yake, na baba akawa anatembea huku anamburuta mtoto sakafuni. Mwingine aliingia kwa maringo, "Niaje, ticha," akanipa gota, ngumi kwa ngumi, kama mwanamume mzima wa steji ya matatu, halafu mama yake alipopotea tu kwenye kona akajikojolea. Mimi hufuta kamasi, huimba, hugawa uji. Herufi sifundishi. Mtoto ajue kwanza kwamba mama huondoka na mama hurudi, hilo ndilo somo la wiki hizo, na si somo jepesi. Wazazi hawalipendi. Wao wanataka daftari lenye tiki nyekundu. Tukikutana jioni wananiuliza, "Ticha, kwani hawaandiki? Ni kucheza tu?" Direkta naye husimama upande wao na methali zake, samaki mkunje angali mbichi. Namwambia hawa si samaki.

Msichana ninayetaka kusimulia habari zake hakulia. Mama yake, mwanamke mwembamba aliyekuwa na kofia ya nywele ya kiwandani tayari kichwani, alimwacha kizingitini akakimbilia kibarua. Mtoto alisimama kidogo akitazama ile ghasia. Kisha akainama, akavua viatu, akavishika mkononi, akaingia akikanyaga kwa ukingo wa nyayo. Akakaa. Viatu akavipakata.

"Karibu mama," nilimwambia. "Vaa viatu, sakafu ni baridi."

Akavaa. Alipoinuka kwenda kuchukua uji, akavivua tena.

Nakiri kwamba mwanzoni nilifurahia. Katikati ya watoto wanaolia, anayenyamaza ni likizo. Lakini siku zilikwenda, wenzake wakazoea, wakaanza kugombania vifuniko vya soda tunavyohesabia, wakaanza kunisengenya mbele yangu kama watoto wote wenye afya njema, na yeye bado hajasema neno. Nikiita majina, anainua kidole. Tukiimba, midomo yake inacheza na hakuna kinachotoka. Siku moja mlango ulimbana kidole. Machozi yakamtiririka, mdomo ukafunguka wazi kabisa, koo likajaa mishipa, na sauti haikutoka. Nimesikia vilio vingi katika kazi hii. Hicho ambacho sikukisikia ndicho kilichonitia baridi. Na akicheka ni vivyo hivyo, mabega yanatikisika, basi.

Direkta aliona. Yeye hakosi kuona kitu kitakacholalamikiwa.

"Madam, huyu haongei."

"Ataongea. Kimya kingi kina mshindo mkuu."

"Mshindo huo uje kabla ya likizo ya midtamu. Nikifanya tathmini na hajibu kitu, siwezi kukaa naye. Watasema hapa hatufundishi."

Nilimjibu kwa ukali, nikaenda zangu, lakini neno lake lilinikaa.

Watoto wangu walipenda kona ya nyumbani kuliko zote. Walicheza kalongolongo, mchezo ule ule tuliocheza sisi Kayole, wa baba na mama na kupika tope. Anayetaka kujua mtaa unavyoishi asiende kwa chifu, akae karibu na kona hiyo ajifanye anapanga vitabu. Kuna aliyekuwa baba akarudi kazini akipiga mlango teke. Kuna aliyerudi na mkate chini ya kwapa, watoto wakamrukia. Kuna msichana ambaye mama wa nyumba yake alikuwa kipande cha ubao sikioni, kwa sababu mama yake halisi anafanya kazi Uarabuni na anajulikana kwa simu. Mtoto hubeba nyumba yake yote kichwani akaja nayo shule.

Ilipofika zamu ya yule msichana kuwa mama, nilijisogeza. Alichagua mvulana mnene kuliko wote, yule wa gota, akamwonyesha kwa kidole alale chini. Akamfunika leso mpaka kichwani. Akaenda ukutani, akafunga pazia ambalo halikuwepo, pete moja moja, polepole, zisigongane. Akakunja kitambaa akakiweka juu ya jiko la kopo ndipo akateleka sufuria, bati lisilie. Akakoroga bila mwiko kugusa ukingo. Wenzake walipoanza kuropoka aliweka kidole mdomoni, akamwelekezea yule aliyelala, na wote wakaelewa. Walianza kutembea kwa ncha za vidole. Walipakua ugali wa hewa na kula wakitazamana kwa macho makubwa. Ulikuwa mchezo mpya, wa siri, nao waliupenda kupita kiasi. Kufikia mwisho wa juma darasa zima lilikuwa likicheza hivyo, baba amefunikwa leso, na nyumba inanong'ona.

Direkta alichungulia, akakuta utulivu ambao hajawahi kuukuta darasani kwangu, akanipongeza. Mimi moyo ulikuwa umeshuka. Mtu amelazwa chini, amefunikwa uso, mapazia yamefungwa, watu wanaongea chini chini. Nami nilikuwa nimemwona mama tu, sikuwahi kumwona baba. Nikajiambia, maskini, huyu mtoto amefiwa.

Jioni mama alipopita langoni na mtoto, wakitoka dukani, nilimshika mkono. "Dadangu, pole sana. Sikuwa najua."

"Pole ya nini, ticha?"

"Baba ya mtoto."

Alinitazama, kisha akacheka hadi akajishika mbavu. "Baba yake? Ako nyumbani saa hii. Amelala!"

Tulicheka pamoja, nikaona haya, na hapo ndipo akaniambia mambo yote. Mume wake ni soja, mlinzi wa usiku kwenye lango la ghala moja huko viwandani. Hurudi asubuhi, hupishana na mke mlangoni, hufunga kwa ndani, hulala. Wana chumba kimoja. Tangu mtoto alipoanza kutembea, mchana wake wote ulikuwa sakafuni, kando ya kitanda cha baba aliyelala. Walimfundisha kutopiga kelele kabla hajajua neno kelele. Walifurahi alivyojifunza upesi.

"Kwani hata nyumbani haongei?"

"Anaongea, lakini ni kunong'ona tu. Mimi nilidhani ndiyo sauti yake." Akamvuta mtoto karibu. "Majirani wanamwita bubu. Mama mkwe anapiga simu kila wakati, ati nimpeleke ushago, kijijini, akae naye yeye kukhu wake, nyanya yake, ati huyu amefungwa sauti. Nimekataa. Ndiyo maana nilimleta shule. Lakini direkta wenu amenipigia, anasema akikaa hivi hadi midtamu hamtamweka. Simrudishi kwa hicho chumba kutwa nzima, ticha. Akitoka hapa, ni kwa kukhu. Sina mwingine."

Nikamtazama mtoto. Alikuwa amesimama kati yetu, viatu mkononi, akinitazama kama anayejua kwamba anazungumzwa. Nikamwambia mama aende kwa amani. Nilisema kwa sauti yangu ya kawaida, ile inayofika kwa muuza mandazi wa ng'ambo ya barabara: huyu mtoto ataongea, na hatakwenda popote.

Nilijaribu njia zangu, na njia zangu zote zilikuwa za kelele. Niliimba zaidi. Nikapiga sufuria kwa mwiko. Aliziba masikio, na mwenzake aliyekaa karibu alipopaza sauti akamziba mdomo kwa kiganja, kwa upole, kama mtu anayezuia maziwa yasifurike. Nikawapandisha juu ya paa. Ilikuwa wiki ya maji ya mgao na tangi moja lilikuwa tupu, limelazwa ubavu lioshwe. Watoto wakawa wanaingiza vichwa na kulia "Uuu!" na tangi linawarudishia uuu nene kama ya ng'ombe dume. Walicheka wakagaragara. Yeye aliingiza kichwa, akakaa humo muda, akakitoa. Nilimuuliza amesema nini. Akatikisa kichwa.

Nilirudi kwenye kona ya nyumbani kwa sababu sikuwa na kwingine. Siku hiyo walikuwa wanacheza mchezo wao, baba amelala, uji unakorogwa kimya. Nikapiga magoti mlangoni mwa nyumba yao, nikabisha hodi. Nikasema, "Jamani, kumekuchwa. Ni jioni. Baba anaamka saa ngapi hapa?"

Wote wakamtazama yeye. Hawakuwa wamewahi kufika jioni. Mchezo wao ulikuwa mchana usiokwisha.

Alifikiri. Akaenda ukutani, akafungua pazia lake, na safari hii alilivuta mara moja. Akaja miguuni mwa yule mvulana mnene, akamshika vidole vya miguu. Mvulana, ambaye nadhani alikuwa amesinzia kweli, aliruka na leso kichwani akinguruma, watoto wakapiga ukelele wakatawanyika, na juu ya kelele zote hizo nikasikia moja nisiyoijua. "Baba!" Ilikuwa nzito, ya kukwaruza, kama ya makanga aliyeita abiria tangu alfajiri. "Baba ameamka! Baba! Baba!" Alikuwa anarukaruka na viatu vyake miguuni, sijui alivivaa saa ngapi, mshipa umemsimama shingoni, na sauti inatoka.

Nililia. Sioni haya kusema. Nilikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakinifika kidevuni, nikalia mbele ya darasa, na mmoja wao akaniletea karatasi ya choo.

Baada ya hapo alituchosha. Vile vyote alivyokuwa ameviweka tumboni tangu Januari alivitoa. Kumbe nyimbo zote alikuwa anazijua. Kumbe alijua nani aliiba chaki. Kwenye tathmini alihesabu moja hadi kumi kwa sauti hadi chai ya Direkta ikatikisika, na alipofika kumi hakuambiwa aendelee, akaendelea. Tukampigia makofi. Mama yake alinikumbatia langoni, kofia ya kiwandani ikaanguka. Nilirudi nyumbani siku hiyo nimejaa. Nilimsimulia kila mtu aliyekuwa tayari kusikiliza na wengine ambao hawakuwa tayari. Nilisema hata wagonjwa mimi nawaponya, nipewe kanisa.

Laiti ningeuliza swali moja tu. Watoto wa PP1 hutoka adhuhuri. Dada wa jikoni, mpishi wetu wa uji, alikuwa akimpandisha ngazi hadi mlango wao, jengo la pili, baba anafungua akiwa na usingizi, anampokea, anarudi kitandani. Nilijua hivyo. Nilikuwa nimeambiwa yote kuhusu chumba kile na usingizi ule. Na bado sikujiuliza sauti niliyoitoa darasani inakwenda wapi saa za mchana.

Baada ya likizo fupi ya midtamu alirudi akiwa sawa, akazidi hata kuwa mtundu. Kisha, Jumatatu moja, nikamwona kizingitini anainama. Akavua viatu. Akavishika mkononi.

Nilidhani ni homa. Nikamgusa paji la uso, halikuwa na joto. Nikamwita jina, akainua kidole. Kwenye kona ya nyumbani wenzake walimlaza baba na baadaye wakamwamsha kwa vifijo kama tulivyozoea sasa, naye akakaa kando amejikunyata, kidole mdomoni, akiwatazama kwa hofu. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Nilijaribu tena kubisha hodi, nikasema kumekuchwa. Alinitazama kana kwamba nimesema uongo.

Mwisho wa juma hilo alikuja baba yake. Sikumjua. Mwanamume mrefu, shati limepigwa pasi, ndevu zimenyolewa, na chini ya macho ule weusi wa watu wa usiku. Alisimama mlangoni saa nne za asubuhi, saa ambayo alipaswa kuwa kitandani. Binti yake alimwona kwanza. Akaweka kidole mdomoni na kugeukia darasa. Na darasa langu lenye kelele, watoto waliomjua baba huyu kwa mchezo tu, wakanyamaza wote mara moja. Wengine nao wakaweka vidole midomoni.

Alicheka, kisha akafuta uso kwa kiganja. "Mwalimu," alisema, "nimekuja kumchukua mama."

Anamwita binti yake mama kwa sababu mtoto amepewa jina la mama mzazi wa baba, yule kukhu. Tulisogea kando ya lango.

"Nilitaka kwanza kushukuru," akasema. "Huyu mtoto sikuwa nimewahi kumsikia. Narudi asubuhi nimechoka, naamka jioni natoka. Sasa akaanza kurudi kutoka hapa na masomo. Anapanga chupa za maji, ndio wanafunzi. Anawafokea! 'Kaa chini! Sema A!' Anaweka mikono hivi." Akaweka mikono kiunoni, akatoa kifua mbele, nami nikajiona. "Nafungua jicho moja, nacheka. Siku moja akanikamata. Akaniambia, 'Na wewe huko nyuma, sema A.' Mwalimu, ningefanyaje? Nikasema A."

"Ungemwambia anyamaze," nilisema. Nilijisikia nikisema hivyo, mimi.

"Kwa mdomo upi? Nimemnyamazisha tangu azaliwe." Alitazama chini. "Nikawa mwanafunzi wake kila mchana. Nikijiambia nitalala kidogo jioni. Sasa huko getini macho yakanishinda. Supavaiza akaja, akanikuta kwa kiti, akapiga picha. Picha ikaenda ofisini, nikafutwa kazi. Basi."

Niligeuka nikatazama mlango wa darasa.

"Mlimwambia mtoto?"

"Hatukumwambia kitu. Nilikuwa namweleza mama yake, na mama yake akauliza, kwani ulikuwa hulali mchana? Ni chumba kimoja, mwalimu. Utaongelea wapi asisikie?"

Alinieleza yaliyobaki kwa ufupi, kama mtu aliyekwisha kuyarudia sana. Mke ataendelea na kibarua chake. Chumba wanakiacha, wanahamia kwa shemeji Kayole, ambako watu wamejaa hadi chini ya meza. Yeye atakuwa anatoka alfajiri kusimama kwenye malango ya viwanda na wengine. Mtoto atapelekwa magharibi kwa kukhu, mpaka mambo yanyooke. Hakunilaumu. Nilitafuta lawama kwenye uso wake nikaikosa, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Majuto ni mjukuu, walisema wahenga, huja kinyume. Nimeyageuza haya ya kwangu mara nyingi na sijapata pa kuyashikia. Ningemwacha na kimya chake, Direkta angemtoa, naye angekwenda kwa kukhu. Nimempa sauti, na amekwenda kwa kukhu. Kama kulikuwa na mlango wa tatu, ulikuwa mdogo. Labda angeweza kufundishwa sauti mbili, moja ya kuvaa shuleni na moja ya kuvulia mlangoni kwao, kama viatu. Labda ningepanda zile ngazi siku moja, mimi mwenyewe, badala ya kumwachia dada wa jikoni, nikaona baba anavyofungua mlango. Mwalimu mwenye sauti ndogo kuliko yangu angefikiria hayo. Mimi nilikuwa nasherehekea.

Watoto wangu wa mwaka huu wanacheza kalongolongo kwenye kona ile ile, leso ni ile ile. Wengine hulaza baba na kunong'ona, mchezo waliurithi kwa waliotangulia, hawajui umetoka wapi. Nikiwaona huwa siwabishii hodi. Nasubiri waamue wenyewe jioni yao ifike lini. Mara nyingine haifiki, uji wa saa nne unaingia, baba anafunuliwa leso anakwenda kunywa.

Lakini nirudi langoni siku ile, na yule msichana. Nilimfunga kikoti. Nilimwekea mkobani vifuniko vya soda ahesabie huko. Baba yake alikuwa amesogea hatua kadhaa mbele akitusubiri, ametugeuzia mgongo. Nilichuchumaa, nikatafuta kitu kizuri cha kumwambia, kitu cha kumtoa kile kidole mdomoni.

"Huko kwa kukhu ni kukubwa," nikamwambia. "Kuna shamba, kuna mti, hakuna mtu amelala mchana. Utapiga kelele mpaka ng'ombe wakimbie. Sawa, mama?"

Alifikiri, kama alivyofikiri siku ile ya pazia. Kisha akanishika shingo, akaleta mdomo sikioni mwangu, akanong'ona. Ndilo neno pekee aliloniambia wiki hiyo.

"Baba atasikia?"

Nilimjibu upesi. Nilidhani ni hofu, nilidhani anataka kuhakikishiwa kwamba hatamwamsha mtu tena. Nikamwambia kwa sauti yangu kubwa, ya furaha, ile inayofika kwa muuza mandazi, "Hapana, mama! Huko ni mbali sana. Baba hatasikia hata kidogo!"

Alinitazama usoni. Akaniachia shingo. Akainama, akavua viatu, kimoja kisha kingine, akavishika mkononi, akamfuata baba yake.